Uchambuzi wa kisa: familia iliyojua kuuza magazeti, na redio isiyokuwa na mwenyewe

Kisa kwa ufupi

Mwaka 1942 kijana wa miaka 24 jijini Chicago alianzisha jarida dogo kwa mkopo wa dola 500. Miaka arobaini baadaye familia yake ilikuwa na jarida la mwezi linalouza nakala zaidi ya milioni 1, kijarida cha wiki, vituo vya redio, kipindi cha televisheni, biashara ya vipodozi, na jengo lake la ghorofa 11 katikati ya jiji. Aprili 2019 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kuomba ifilisiwe.

Majina ya wanafamilia, ya kampuni na ya majarida yao nimeyaondoa. Miaka, miji na viwango vya fedha nimeviacha kama vilivyo, kwa hiyo anayeijua historia ya vyombo vya habari vya Wamarekani weusi hatapata tabu kuitambua. Nimeyaondoa kwa sababu jina likitajwa tu, mjadala hugeuka kuwa wa kulisifu au kulilaumu, na maamuzi yenyewe hayaangaliwi tena. Humu wataitwa Mwanzilishi, Mama, Mke na Binti.

Wengi husema kampuni hii iliuawa na intaneti. Mimi sikubaliani nao. Ufa ulianzia kwenye utangazaji, miaka ishirini kabla ya intaneti kuwafikia wasomaji wake, na ulitokana na mwenendo uleule ulioijenga.

Mazingira

Mwanzilishi alizaliwa mwaka 1918 katika mji mdogo wa Arkansas ambao haukuwa na sekondari ya watoto weusi. Mama alikuwa akipika na kufulia watu, akidunduliza nauli ya kuhamia Chicago. Mwanawe alipomaliza darasa la nane na nauli haijatimia, alimrudisha palepale darasa la nane mwaka wa pili, ili asikae bure. Walifika Chicago mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi.

Baada ya shule kijana alipata kazi katika kampuni ya bima ya watu weusi. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusoma magazeti na majarida, kisha kumwandalia mkuu wake muhtasari wa habari zinazowahusu Wamarekani weusi. Kila alipokuwa na wenzake mtaani, aliona jinsi wanavyomsikiliza kwa hamu akiwasimulia aliyoyasoma. Magazeti makubwa ya wakati ule yalimtaja mtu mweusi akiwa mshtakiwa au mwanamasumbwi. Harusi yake, shahada yake na duka lake havikuwa habari. Hapo akaona pengo.

Kuanza: fedha ya msomaji kabla ya karatasi

Benki kubwa ya jiji ilimjibu kwamba haikopeshi watu weusi. Akaelekezwa kwenye kampuni ya mikopo midogo iliyotaka dhamana. Yeye hakuwa na kitu. Mama alikuwa na samani mpya za nyumbani, alizozilipia kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hakukubali mara moja. Alimwambia mwanawe kwamba ataomba Mungu kwanza, na waliomba siku kadhaa kabla hajaridhia samani ziwekwe rehani.

Watu hupenda kuishia hapo, kwenye rehani ya Mama. Kwangu lenye uzito zaidi ni matumizi ya zile dola 500. Hakununua karatasi wala hakulipa mchapaji. Alinunua stempu. Kampuni ya bima ilimruhusu kutumia orodha yake ya wateja 20,000, akawaandikia wote barua akiwaomba watume dola 2 za usajili wa jarida ambalo bado halijachapwa. Waliotuma walikuwa 3,000. Ndipo, akiwa na dola 6,000 mkononi, akaenda kwa mchapaji.

Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1942. Nakala za wasajili zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Tatizo lilikuwa zile za kuuza vibandani. Msambazaji mkubwa wa Chicago alikataa kuzibeba akisema majarida ya watu weusi hayauziki. Mwanzilishi aliwaomba marafiki zake wapite vibanda vya magazeti mtaa kwa mtaa wakiuliza kama jarida limefika. Wenye vibanda walipoulizwa mara nyingi, wakaanza kumuuliza msambazaji. Jarida likapelekwa, marafiki wakalinunua kwa fedha aliyowapa yeye mwenyewe. Ilikuwa hila, na ingeishia kwenye hasara kama baada ya marafiki hawangekuja wasomaji wa kweli. Walikuja. Katika miezi michache jarida lilikuwa linauza nakala 50,000.

Oktoba 1943 Eleanor Roosevelt, mke wa rais, aliandika makala ndani yake baada ya kuombwa zaidi ya mara moja. Mauzo yalipanda hadi kama nakala 100,000.

Kukua: miaka ya majarida

Novemba 1945 kampuni ilitoa jarida la pili, kubwa la picha, ambalo jina lake lilipendekezwa na Mke. Nakala 25,000 za kwanza ziliisha, zikachapwa nyingine. Hapo Mwanzilishi alikutana na tatizo ambalo kila mwenye jarida la picha analijua: karatasi nzuri na picha nyingi ni ghali, na kadiri jarida linavyouza ndivyo gharama ya kuchapa inavyopanda. Bei ya kibandani haikutosha. Bila matangazo makubwa, mafanikio yenyewe yangemmaliza.

Kampuni kubwa za Marekani hazikuwa na mazoea ya kutangaza katika vyombo vya watu weusi. Alilolifanya ili kumpata mteja mkubwa wa kwanza linastahili kuangaliwa kwa karibu. Alimlenga mkuu wa kampuni ya Zenith, watengenezaji wa redio, kwa kuwa watu weusi walikuwa wanunuzi wazuri wa bidhaa hiyo. Alimwandikia kuomba miadi ya kuzungumzia matangazo, akajibiwa kwamba matangazo si kazi ya mkuu. Akaandika tena, akiomba safari hii wazungumze juu ya sera ya kampuni kuhusu kutangaza kwa watu weusi. Sera ni kazi ya mkuu, miadi ikapatikana. Kabla ya kwenda alichunguza maisha ya mwenyeji wake, akagundua kuwa aliwahi kushiriki safari ya utafiti ya Aktiki. Basi akaenda na kitabu cha Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyefuatana na mvumbuzi Robert Peary kwenda Ncha ya Kaskazini, kikiwa na saini ya Henson mwenyewe, pamoja na toleo la jarida lenye makala juu yake. Walizungumza juu ya barafu kwanza. Alitoka na tangazo, na yule mkuu akawapigia simu wakuu wa kampuni nyingine kuwaambia wamsikilize.

Mwaka 1949 kampuni ilitaka jengo lake. Mwenye jengo hakutaka kumuuzia mtu mweusi, kwa hiyo wakili mzungu alisimama kama mnunuzi, na Mwanzilishi aliingia kulikagua akiwa amevaa nguo za mfanyakazi wa usafi. Naliweka hapa kwa sababu bila hilo hatutaelewa yaliyokuja baadaye. Mtu aliyekataliwa na benki, msambazaji na mwenye nyumba ana haki ya kujifunza kwamba usalama wake ni kutomtegemea mtu wa nje. Alijifunza hivyo, na akaishi hivyo.

Novemba 1951 kikaja kijarida cha wiki, kidogo cha kutosha mfukoni. Septemba 1955 kilichapisha picha za mwili wa Emmett Till, mvulana wa miaka 14 wa Chicago aliyeuawa Mississippi, baada ya mama yake kuamua jeneza libaki wazi ili dunia ione. Ulikuwa uamuzi wa uhariri wenye hatari ya kibiashara, kwa kuwa wenye matangazo hawapendi ukurasa wao ukae jirani na maiti. Toleo liliisha vibandani. Naamini tendo hilo liliipa kampuni imani ya wasomaji iliyodumu vizazi viwili, imani ambayo hakuna kampeni ya masoko ingeinunua.

Biashara za pembeni zilizobeba gazeti

Mwaka 1958 kampuni ilianza maonyesho ya mitindo ya kusafiri mji kwa mji, ambayo baadaye yaliongozwa na Mke. Mashirika ya hisani ya kila mji ndiyo yaliyoyaandaa na kuchukua mapato. Kwa miaka yote yalikusanya zaidi ya dola milioni 50 kwa ajili ya hisani. Kampuni ilipata nini? Tiketi iliuzwa pamoja na usajili wa jarida. Kila ukumbi uliojaa ulikuwa na mamia ya wasajili wapya waliokwisha kulipa.

Katika maonyesho hayohayo Mke aliona wanamitindo wakichanganya rangi za vipodozi wenyewe nyuma ya jukwaa, kwa sababu madukani hapakuwa na rangi ya ngozi zao. Kampuni za vipodozi zilipoombwa kutengeneza hazikushawishika. Mwaka 1973 familia ikaanzisha vipodozi vyake. Angalia mlolongo: jarida lilizaa maonyesho, maonyesho yakazaa wasajili na vipodozi, vipodozi vikanunua kurasa za matangazo katika jarida. Kila kiungo kilikuwa na mtu wa familia anayekisimamia kwa macho yake.

Kuingia kwenye utangazaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ghorofa 11 za makao makuu mapya zinakamilika, kampuni ilinunua kituo cha redio cha AM Chicago. Redio zilizopendwa na wasikilizaji weusi wa jiji zilikuwa mikononi mwa wazungu. Hiki kikawa cha kwanza kumilikiwa na mtu mweusi. Sababu ya heshima ilikuwa kubwa, na sababu ya biashara ilieleweka: redio ingetangaza majarida, na wateja wa matangazo wa majarida wangeuziwa dakika za redio. Baadaye viliongezwa kituo kingine karibu na Chicago na kimoja Louisville, Kentucky. Miaka ya 1980 kikaja kipindi cha televisheni cha kila wiki kuhusu watu mashuhuri, kilichobeba majina ya majarida mawili na kuuzwa kwa vituo mbalimbali.

Kwa nje haya yalikuwa makubwa. Kwa ndani yalikuwa na kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Miaka ya 1970 ndiyo wasikilizaji wa muziki Marekani walipokuwa wanahamia FM kwa ajili ya sauti safi ya stirio, na kabla ya muongo kuisha FM ilikuwa imeipita AM. Kampuni ilinunua AM watu wakiwa wanahama.

Ya pili ni nzito zaidi. Redio na televisheni havikupata mwenyewe ndani ya familia. Mke alikuwa na maonyesho na vipodozi, Mwanzilishi alikuwa na majarida. Utangazaji ulikaa kama mkono wa kutangazia jarida, na uliendeshwa kwa kanuni ya jarida: tumia ulichonacho, usikope sana, usimpe mtu wa nje hisa. Kanuni hiyo inafaa kazi ambayo msomaji analipa kabla. Utangazaji haulipwi hivyo. Unanunua leseni, mitambo na vipindi kwanza, kisha unasubiri wasikilizaji, kisha ndiyo matangazo yanakuja. Unataka mtaji wa kusubiri.

Januari 1980 BET, televisheni ya Wamarekani weusi, ilianza kurusha matangazo kupitia kebo kutoka Washington. Aliyeianzisha hakuwa na majarida wala majengo. Alikuwa na dola 500,000 za mwekezaji wa kebo, sehemu mkopo na sehemu bei ya asilimia 20 ya hisa. Mwaka 1991 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la New York, na mwaka 2000 Viacom, kampuni kubwa ya vyombo vya habari, ilikubali kuinunua kwa kiasi cha dola bilioni 3. Familia ya kisa chetu, mwaka ule wa 1980, ilikuwa na kila kitu ambacho BET haikuwa nacho: jina, waandishi, picha, wenye matangazo, na imani ya mamilioni ya nyumba. Ilichokosa ni utayari wa kugawana hisa.

Vituo vya redio viliuzwa katikati ya miaka ya 1990. Toleo la jarida kubwa lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1995, uhuru ukiwa mpya, nalo lilifungwa baada ya miaka michache.

Kurithishana

Mtoto wa kiume wa familia alifariki mwaka 1981 kwa selimundu. Binti alilelewa ndani ya ofisi, akasomea shahada ya uzamili ya biashara, akafanywa rais wa kampuni mwaka 1987. Lakini Mwanzilishi aliendelea kuwa mtendaji mkuu hadi 2002, na mwenyekiti hadi alipofariki Agosti 2005. Kwa miaka kumi na tano Binti alikuwa na cheo cha kuendesha kampuni ambayo maamuzi yake makubwa yalipita kwa baba. Ilikuwa ndiyo miaka ya kuamua: redio ziende wapi, jarida liingieje kwenye intaneti, nani aingizwe kwenye hisa. Alipokabidhiwa kweli, matangazo ya magazeti yalikuwa yameanza kuporomoka Marekani nzima, na mdororo wa 2008 ulikuwa mlangoni.

Matokeo

Maonyesho ya mitindo yalisimama mwaka 2009; Mke alifariki Januari 2010. Mwaka huohuo jengo liliuzwa kwa chuo jirani, na kwa mara ya kwanza mtu asiye wa familia akawa mtendaji mkuu. Mwaka 2011 benki ya JPMorgan Chase ilinunua sehemu ndogo ya hisa, mwekezaji wa kwanza wa nje tangu kampuni izaliwe. Kijarida cha wiki kiliacha kuchapwa mwaka 2014. Jarida kubwa la picha na kijarida cha wiki viliuzwa mwaka 2016 kwa kampuni ya uwekezaji ya Texas, familia ikabaki na vipodozi na nyaraka za picha.

Mwaka 2015 nyaraka hizo, zaidi ya picha na negativu milioni 4, ziliwekwa dhamana ya mkopo wa dola milioni 12. Mkopo haukulipika, na 2019 zikauzwa kwa mnada. Taasisi nne, Ford, Getty, MacArthur na Mellon, zilitoa dola milioni 30 ili zihifadhiwe kwa ajili ya umma. Vipodozi viliuzwa kwa dola milioni 1.85.

Uchambuzi

Lililofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kupata fedha ya msomaji kabla ya kumpa huduma. Lilianza na stempu mwaka 1942 na likarudi mwaka 1958 katika tiketi za maonyesho. Wenye majarida na redio za familia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wanaoanza na mkopo wa mitambo wangejiuliza ni wasikilizaji na wenye matangazo wangapi wameshatoa fedha kabla mnara haujasimama.

La pili ni uvumilivu katika matangazo. Mwanzilishi hakuwaomba wateja wamhurumie. Aliwasoma mmoja mmoja, akajua kila mkuu anajali nini, akampa sababu ya kibiashara ya kutangaza.

Yaliyoshindwa yanashikana. Wanaosema kwamba kukataa wawekezaji wa nje lilikuwa kosa tangu mwanzo, nadhani wanamwonea. Mwaka 1949 mtu wa nje alikuwa ni yule asiyekuuzia jengo. Kufunga milango kulikuwa ni busara, na ndiko kulikoiwezesha kampuni kuchapisha picha za 1955 bila kuomba ruhusa ya mwanahisa yeyote. Sidhani kampuni yenye wanahisa wengi ingethubutu. Lakini mwaka 1980 mazingira yalikuwa mengine. Mwekezaji alipatikana hata kwa kijana asiye na jarida. Sababu ya kufunga milango ilikuwa imepungua nguvu. Mazoea yakabaki, na hapakuwa na bodi yenye watu wa nje wa kumwambia hivyo mtu aliyekuwa sahihi kwa miaka arobaini.

Njia ya kati ilikuwepo. Utangazaji ungetengwa kuwa kampuni tanzu yenye hesabu zake, meneja wake na wawekezaji wake, majarida yakabaki asilimia mia ya familia. Uhuru wa uhariri usingeguswa, na hasara ya redio isingefichwa na faida ya jarida. Binti angeweza kupewa kampuni hiyo mwaka 1987 aiendeshe mwenyewe, akosee na ajifunze, baba akiwa hai na majarida yakiwa na nguvu.

Kuhusu picha, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa miongo sita wapiga picha wa kampuni walijaza makabati. Mmoja wao alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka 1969 kwa picha ya mjane wa Martin Luther King akiwa na bintiye kwenye mazishi. Nyaraka hizo zingeweza kulisha televisheni ya familia kwa filamu za kumbukumbu na kuingiza ada za matumizi kila mwaka. Hazikuwahi kuwa mguu wa biashara kama matangazo na usajili, na thamani yake ilijulikana kwa shilingi na senti zilipopelekwa kwa mkopeshaji. Kati ya dola 500 za kwanza na dola milioni 12 za mwisho kuna tofauti moja inayonishughulisha: samani za Mama ziliwekwa rehani kununua stempu za kutafuta wateja wapya, picha ziliwekwa rehani wakati wateja wanaondoka.

Mtu anayekitumia kisa hiki kwa kampuni yake aanzie kwenye hesabu za redio yake pekee, bila kuchanganya na za gazeti: inaingiza nini, inakula nini, na ni nani katika familia anayeweza kujibu maswali hayo bila kumpigia simu mzee.